Lubaina Himid ni wetu au wa Waingereza?

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi, Dar es Salaam ilibishana sana kuhusu mtu ambaye wengi hawakuwa wamesoma hata ukurasa wake mmoja. Huku wanasema Mtanzania ameshinda. Kule wanajibu: Mtanzania yupi, aliyeondoka Zanzibar miaka ya 1960 na kufanya maisha Uingereza? Mwaka 2025 ubishi huo ukapata kuni mpya. Uingereza ilimtangaza Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar, kuwa ndiye atakayeiwakilisha kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ya mwaka 2026.

Kwenye fasihi walau kila mtu anajua kitabu ni kitu gani. Kwenye uchoraji mambo yamevurugika zaidi. Nimesikia watu wazima na akili zao wakiuliza kama Venice ni shindano la kuchora kwa kupimana muda, kama huyu mama ndiye yule wa Marangu anayeishi Scotland, na kama kweli mtu anayepaka rangi kwenye sahani kuukuu anastahili kuitwa mchoraji. Maswali yote ni ya haki. Shida ni kwamba yanaulizwa kwa mpigo mmoja, na jibu moja haliwezi kuyatosha.

Tukubaliane maneno kwanza. Nikisema mchoraji wa kisasa simaanishi anayechora madoadoa yasiyoeleweka. Namaanisha mchoraji wa zama zetu, anayeshughulika na maswali ya zama zetu, awe anachora sura ya mtu inayofanana na picha ya studio au anamwaga rangi tu kwenye turubai. Mhamiaji ni mtu aliyeondoka kwao akafanya makao nchi nyingine, iwe kwa kupenda, kwa masomo, kwa ndoa, kwa kukimbia hatari, au kwa kubebwa mgongoni bila kuulizwa. Uraia ni suala la karatasi: sheria ya nchi inakutambua au haikutambui. Asili haina kaunta. Hakuna ofisa anayeweza kuigonga muhuri wala kuifuta. Mabishano yetu mengi yanachanganya uraia na asili, kisha yanatupia juu yake swali la tatu, la kazi yenyewe, ambalo kwa kawaida halijibiwi na mtu kwa sababu wabishani wameshachoka.

Nchi ambayo haikuwepo

Himid alizaliwa 1954. Mwaka huo hapakuwa na nchi inayoitwa Tanzania. Zanzibar ilikuwa usultani uliokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, na aliyekuwa kitini ni Sultani Khalifa bin Harub. Huku bara, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, wasimamizi wakiwa Waingereza walewale, na TANU ndiyo kwanza imezaliwa Julai ya mwaka huo. Zanzibar ikapata uhuru Desemba 1963, yakaja Mapinduzi Januari 1964, na Muungano Aprili 1964. Kufikia hapo Lubaina alikuwa mtoto wa shule, Uingereza.

Aliondoka kisiwani akiwa na miezi minne. Baba yake alifariki kwa malaria, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi kwao na kichanga chake. Kwa hiyo kumwita "Mtanzania aliyehamia Uingereza" kuna matatizo mawili ya wazi: Tanzania haikuwepo, na yeye hakuhama kwa maana tunayoizoea, ya mtu kufunga begi, kuaga ndugu na kupanda ndege. Alihamishwa. Kumwita mzaliwa wa Zanzibar ni sahihi bila mjadala. Na hajaifanya asili hiyo kuwa siri: mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi kisiwani akiwa mtu mzima, na baada ya hapo akachora mfululizo wa picha alioupa jina la Zanzibar.

Upande wa karatasi, sheria yetu iko wazi kuliko mabishano yetu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Hata aliyezaliwa Temeke na kukulia Temeke, akichukua uraia wa nje kwa hiari yake ukubwani, kisheria wa hapa ameutua. Ndiyo maana kila akitokea mtu wa aina hii aliyefanikiwa, mjadala unateleza haraka kutoka kwenye kazi yake na kuangukia kwenye uraia pacha na hadhi maalumu ya diaspora. Ni mjadala muhimu, na wenye ndugu nje wanaujua uchungu wake. Lakini ni mjadala wa Bunge. Hautuambii chochote kuhusu kilichomo ndani ya fremu.

Venice si shindano la kuchora

Biennale ya Venice, ndiyo hayo maonyesho makubwa niliyoyataja, ilianza mwaka 1895 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Pembeni ya maonyesho makuu kuna mabanda ya nchi, na kila nchi inachagua wa kwake na kubeba gharama zake. Banda la Uingereza lipo tangu 1909, na anayechaguliwa kuingia humo huchaguliwa kupitia British Council, taasisi ya Uingereza ya kutangaza utamaduni wake nje.

Atakayeona ajabu mzaliwa wa Zanzibar kuliwakilisha taifa jingine afikirie timu za taifa za mpira. Yussuf Poulsen, ambaye baba yake alikuwa Mtanzania, alizaliwa Copenhagen na ameichezea Denmark. Kombe la Dunia la 2018 aliingia uwanjani na jina Yurary mgongoni, jina la upande wa baba, akawafunga Peru, na hapa mjini watu wakafurahi bila kudai kwamba Denmark imetuibia mshambuliaji. Tuliweza siku ile kushika mambo mawili kwa mikono miwili: jezi ni ya Denmark, jina ni la kwetu. Kwenye sanaa tunashindwa, sijui kwa nini.

Tofauti ni kwamba Venice hakuna magoli. Yapo majaji, na wanatoa tuzo ya Simba wa Dhahabu, lakini nchi nyingi zinakwenda kuonyesha, wala hazina hesabu ya kombe. Uingereza ilimpeleka Sonia Boyce mwaka 2022, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa banda lile, naye akarudi na Simba wa Dhahabu. Mwaka 2024 akaenda John Akomfrah, mzaliwa wa Accra. Sasa Himid. Watu watatu mfululizo ambao miaka ya 1980 walikuwa vijana weusi wakihangaika kupata hata ukuta wa kutundika kazi zao London. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalofuta dhana kwamba walipewa tu.

Na Tanzania? Tulipeleka banda letu Venice kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 2024. Habari ile ilipita kimya kabisa. Sikusikia mtu akiibishania kijiweni.

Anachora nini, basi?

Himid hakuanzia kwenye turubai. Alisomea usanifu wa jukwaa la maigizo kwenye chuo cha sanaa cha Wimbledon, London, akamaliza 1976, na baadaye akachukua shahada ya uzamili ya historia ya utamaduni kwenye Royal College of Art, 1984. Jukwaa halijamtoka hadi leo. Kazi zake nyingi maarufu ni watu wa plaiwudi: anakata ubao kwa umbo la mtu mzima, anaupaka rangi, kisha anausimamisha sakafuni. Huitazami picha ukutani. Unapita katikati ya watu waliosimama, na wengine ni warefu kukuzidi.

Kazi iliyonifanya mimi nielewe anachotafuta ni Naming the Money ya mwaka 2004. Ni watu mia moja wa plaiwudi, weusi, wamevaa nguo za kupendeza za rangi kali, kila mmoja na ufundi wake. Wako wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa, walimu wa dansi. Ili uielewe unahitaji kujua jambo moja la historia. Kwenye majumba ya wafalme na mabwanyenye wa Ulaya, karne ya 17 na ya 18, Waafrika waliotekwa walitolewa zawadi kama vile mtu anavyotoa saa ya dhahabu. Katika picha za zama zile utawaona pembeni kabisa ya fremu, kijana mweusi ameshika sinia au kamba ya mbwa, hana jina, kazi yake ni kuonyesha kwamba mwenye nyumba ana pesa.

Himid aliwatoa pembeni akawajaza chumbani. Kisha zunguka nyuma ya mmoja wao. Mgongoni pamebandikwa karatasi ya mahesabu, kama ile ya kuandikia mauzo na madeni, na juu yake kuna mistari mitano hivi mifupi. Wa kwanza unataja jina lake halisi. Wa pili, jina walilompachika. Wa tatu, kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Wa nne, kazi anayofanyishwa sasa. Wa mwisho, kitu kidogo ambacho bado ni chake. Mtu mia moja, kila mmoja na karatasi yake, na sauti iliyorekodiwa inasoma mistari hiyo chumbani. Hakuna minyororo, hakuna damu. Kuna daftari la hesabu tu, na mtu aliyeandikwa humo anakwambia anaitwa nani.

Mtu aliyekulia ukanda huu hahitaji kuelezwa sana. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa Mkunazini, na Bagamoyo ni mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa. Lakini Himid hachori biashara ya Bahari ya Hindi. Anachora ile ya Atlantiki, kwa sababu anaishi Preston, kaskazini ya Uingereza, jirani na bandari zilizotajirika kwayo: Liverpool, na Lancaster ambayo leo ni mji mdogo uliotulia. Hapa ndipo anayetafuta "picha za Zanzibar" kwake hukosea njia. Mhamiaji si lazima achore alikotoka. Mara nyingi anachora alipofikia, na anapaona vizuri kuliko mwenyeji.

Zile sahani kuukuu zinahusika hapa. Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka 200 tangu ipige marufuku biashara ya watumwa. Himid alikusanya vyombo mia moja vya mezani vilivyokwisha tumika, sahani, mabakuli, majagi, vya aina inayouzwa kwenye maduka ya mitumba, akapaka rangi juu ya maua na mapambo yake ya zamani. Kwenye baadhi ukakuta nyuso za watumishi weusi. Kwenye vingine, mabwana na mabibi wa Lancaster wenye mawigi, wanatapika. Sahani ni chombo cha kulia. Sukari ya watumwa iliingia Uingereza kupitia meza ya chai. Asiyependa kazi hii namwelewa, lakini asiseme haina hoja.

Kanga

Kuna sehemu moja ya kazi yake ambayo msomaji wa Dar ataielewa bila mkalimani, na nashangaa haizungumzwi sana huku. Himid ametengeneza kazi kadhaa kwa mpangilio wa kanga.

Pita Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, simama mbele ya duka lolote lenye doti zimetundikwa kuanzia mlangoni hadi darini. Jicho lako linafanya kazi tatu kwa pamoja hata bila kujua: linapita kwenye pindo, linatua kwenye mji, ile picha ya katikati, kisha linashuka kusoma jina, yaani maneno yake. Muuzaji naye hatakutajia rangi kwanza. Atakusomea jina, kwa sababu anajua mnunuzi anatafuta maneno ya kumfikishia mtu fulani, wifi, jirani, mke mwenza, mume. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu cha maua.

Ufundi huo Himid ameuchukua mzima. Mwaka 2018, kwenye maonyesho yake pale BALTIC, kituo cha sanaa cha Gateshead, Uingereza, alitundika vitambaa vilivyochorwa kwa mtindo wa kanga, vyenye pindo, picha ya katikati na maneno, vikaning'inia juu kama bendera. Maneno aliyatoa kwa waandishi na washairi weusi, James Baldwin na Audre Lorde wakiwemo. Wageni waliruhusiwa kuvuta kamba, kupandisha hiki na kushusha kile, ili maneno yapangike upya na kusemeshana. Yaani walifanya kwa kamba kile ambacho bibi zetu wamekifanya kibarazani kwa kubadilisha nguo: leo navaa hii, nimekujibu.

Watu huuliza Uzanzibari wake uko wapi ikiwa aliondoka mchanga. Mimi jibu langu ni hilo. Mama alikuwa mbunifu wa vitambaa, kisiwa alichozaliwa kinasemezana kwa vitambaa, na mchoraji akashika hapo. Sidai kwamba damu ndiyo iliyomfundisha. Alijifunza kwa kutafuta, kama mtu yeyote anavyoweza kujifunza. Lakini alichagua kutafuta huku.

"Bahati tu"

Dhana nyingine inayorudiwa: wanaofika nje wanapewa kwa sababu Wazungu wanapenda mambo ya watu weusi. Tuangalie miaka. Mwaka 1985 Himid aliandaa maonyesho ya wasanii kumi na mmoja, wanawake weusi na wa asili ya Asia, kwenye taasisi kubwa ya sanaa katikati ya London. Nafasi waliyopewa ilikuwa korido. Kazi zikatundikwa kwenye njia ya kupita watu waendao kwenye mambo mengine. Yeye na wenzake wakayaita maonyesho hayo The Thin Black Line, mstari mwembamba mweusi, na jina linajieleza.

Baada ya hapo ikafuata miaka mingi ya kufundisha chuo, kuchora, na kutotajwa na magazeti makubwa. Tuzo ya Turner, inayotamaniwa kuliko zote Uingereza, kwa muda mrefu ilikuwa na sharti la umri: usizidi miaka 50. Sharti liliondolewa mwaka 2017, na mwaka huohuo akashinda Himid, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza. Zawadi ni pauni 25,000. Hesabu mwenyewe: kutoka ile korido hadi jukwaa la Turner ni miaka 32.

Yule mwingine, wa Marangu

Anayechanganywa naye ni Everlyn Nicodemus, na mchanganyiko unaeleweka: wote wawili wamezaliwa 1954, wote wanawake, wote wako Uingereza. Lakini safari zao hazifanani hata kidogo, na Nicodemus ndiye ambaye Dar es Salaam ina haki ya kumzungumzia kwa karibu zaidi.

Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro. Mwaka 1973, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, akaenda Sweden. Huyu sasa ndiye mhamiaji kwa maana tuliyoizoea. Huko akakutana na ubaguzi ambao hakuwa amejiandaa nao, akaamua kusomea anthropolojia ya jamii Chuo Kikuu cha Stockholm, pengine apate kuelewa. Somo lenyewe likamkwaza: lilimtaka awatazame watu kama vielelezo. Akaanza kuchora. Na maonyesho yake ya kwanza ya peke yake hayakufanyika Stockholm wala Paris. Yalifanyika hapahapa, kwenye Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mwaka 1980.

Kati ya 1984 na 1986 alifanya jambo ambalo naona bado halijapata mfano wake. Alikaa na wanawake Denmark, kisha Tanzania, kisha India, akawasikiliza wakieleza maisha yao, halafu akachora na kuandika kutokana na aliyoyasikia. Baadaye akaishi Ufaransa na Ubelgiji, akaugua kiwewe kikubwa, akafanya kiwewe chenyewe kuwa somo la uchoraji na utafiti wake, hadi shahada ya udaktari mwaka 2012. Mojawapo ya kazi za kipindi hicho ni hati ndefu ya kukunjua, mita 16, kuhusu mauaji ya halaiki duniani. Makao yake sasa ni Edinburgh.

Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London lilinunua picha yake aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 huko Åkersberga, karibu na Stockholm. Nyuso kadhaa zimeingiliana ndani ya fremu moja, zote ni yeye. Lilikuwa jumba lenye umri wa zaidi ya karne na nusu, na hiyo ndiyo ikawa picha ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia kwenye hazina yake. Aliyeichora ni binti wa Marangu. Huyu akitajwa kijiweni, jibu la "ni wetu?" lina uzito tofauti na la Himid: alizaliwa na kukulia huku, alianzia huku, na tulikuwa na miaka arobaini ya kununua picha hiyo kabla yao.

Kuhusu Tingatinga na kuhusu pesa

Yapo mambo mawili madogo yanayobaki kuwachanganya watu. La kwanza: "Lakini hii si sanaa ya Kitanzania, ya Kitanzania ni Tingatinga." Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alikuwa mtu wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta kibarua. Alianza kuchora karibu mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za madukani kwenye vipande vya ubao, akawauzia wageni kule Oysterbay, na akafariki 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Alichora takriban miaka minne tu. Mtindo tunaouita wa jadi ni uvumbuzi wa mhamiaji mmoja wa mjini, na una umri mdogo kuliko Azimio la Arusha. Ni mtindo mzuri, umelisha familia nyingi, na waliorithi wameunda ushirika. Kuufanya kipimo cha Utanzania wa kila mchoraji ni kumtwisha marehemu mzigo ambao hakuuomba.

La pili ni pesa. Mtu anasoma kwamba picha imeuzwa mnadani London kwa mamilioni ya pauni, anadhani mchoraji amelala maskini akaamka tajiri. Soko la picha lina milango miwili. Mlango wa kwanza, mchoraji anauza kupitia nyumba ya maonyesho, wanagawana, mara nyingi nusu kwa nusu. Mlango wa pili, aliyenunua anaiuza tena baada ya miaka, pengine kwenye mnada, na hapo pesa zinakwenda kwake. Uingereza ina sheria, tangu 2006, inayompa mchoraji mgawo kwenye mauzo hayo ya pili, unaoanzia asilimia 4 na kupungua kadiri bei inavyopanda, ukiwa na ukomo wa pauni 12,500. Kwa hiyo picha iliyouzwa milioni inaweza kumpa aliyeichora kiasi kisichotosha kununua gari jipya. Bei kubwa za magazetini ni habari za wanaouza na kununua.

Anayetaka kutazama mwenyewe kabla ya kubishana tena, tovuti ya Tate, majumba ya sanaa ya taifa ya Uingereza, ina Freedom and Change ya Himid ya mwaka 1984. Ni wanawake wawili weusi wanakimbia kwenye kitambaa cha waridi, umbo lao likiwa limechukuliwa kwa wanawake wawili Wazungu wa Picasso wanaokimbia ufukweni, mbwa wamewatangulia, na nyuma yao vichwa vya wanaume vimefukiwa mchangani. Ikuze kwenye simu uone jinsi nguo zao zilivyounganishwa kwa vipande. Na kwa anayetaka mchoraji wa kumuuliza uso kwa uso, Nafasi Art Space ipo Mikocheni, wachoraji wako vibandani mwao wanafanya kazi. Uliza bei pia. Hawakasiriki.